Migongano ya Uandishi katika Hifadhidata Sambazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasanidi wa programu jijini Dar es Salaam huyarudia kila wanapoanza kuendesha hifadhidata moja juu ya seva kadhaa, iwe ni kwa ajili ya tiketi za mabasi, bidhaa za maduka, pochi za simu au usajili wa wagonjwa. Msimamo unaobeba majibu yote ni mmoja: namna ya kusuluhisha mgongano ni uamuzi wa mwenye kazi kuhusu kila aina ya data aliyonayo. Asipouamua mapema, hifadhidata itauamua yenyewe kwa chaguo-msingi lake (mpangilio wake wa awali), na mara nyingi itafanya hivyo kwa kufuta kazi ya mtu bila kumwarifu.

## Misingi

1. Mgongano wa uandishi ni nini hasa?

Ni hali ambapo mabadiliko mawili yamefanywa juu ya data ileile, na hakuna hata moja lililofanywa kwa kulijua jingine. Chukua wakala wa tiketi aliye kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, na mwenzake aliye Kariakoo. Kila mmoja anaona kiti namba 14 cha basi la Mbeya kiko wazi, kila mmoja anamwandikia abiria wake, na seva iliyo karibu na kila mmoja inakubali. Seva hizo zinapokuja kubadilishana taarifa, zinakuta kiti kimoja kina majina mawili.

Wengi hudhani kwamba mabadiliko hayo ni lazima yawe yamefanyika ndani ya sekunde ileile. Sivyo. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo uliosambaa, jambo la kuangalia ni kama taarifa ya tukio la kwanza ingeweza kulifikia tukio la pili kabla halijatokea. Ikiwa simu ya wakala ilikosa mtandao tangu saa mbili asubuhi, alichoandika saa tano kinaweza kugongana na kilichoandikwa na mwenzake saa tatu, ingawa yamepita masaa mawili kati yao.

2. Je, tukitumia seva moja tatizo hili linaondoka?

Haliondoki, linapungua tu. Tuseme pochi ina shilingi 50,000. Maombi mawili yanasoma salio hilo kwa pamoja. La kwanza linatoa 20,000 na kuandika 30,000, la pili linatoa 10,000 na kuandika 40,000. Salio sahihi ni 20,000, lakini litakalobaki ni 30,000 au 40,000, kutegemea nani aliandika mwisho. Kiwango cha utengano (yaani kadiri kazi zinazoendeshwa kwa pamoja zinavyozuiwa kuingiliana) ambacho hifadhidata ya PostgreSQL huanza nacho hakizuii kosa hili, kwa kuwa kinakuhakikishia tu kwamba husomi kitu ambacho muamala mwingine (kundi la hatua zinazofanyika zote au zisifanyike kabisa) haujakikamilisha.

Tiba ya kwanza ni kuiachia hifadhidata ifanye hesabu yenyewe, yaani kuiagiza ipunguze 20,000 kutoka salio lililopo, badala ya programu kusoma salio, kukokotoa, kisha kuandika jibu. Tiba nyingine ziko katika swali la 7. Timu inayoruka hatua hii na kukimbilia seva tano inahamisha kosa lilelile mahali ambapo ni vigumu zaidi kulikamata.

3. Basi kwa nini tusibaki na seva moja inayopokea uandishi, na nyingine ziwe za kusomea tu?

Kwa ofisi nyingi za Dar es Salaam hilo ndilo jibu sahihi, na watu wasione aibu kulichagua. Ongezeni seva zinazopokea uandishi pale tu mnapoweza kutaja kwa maneno tatizo mnalolitatua.

Hata hivyo, mpango huo una gharama zake. Ya kwanza ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 25, na nyaya hazipiti mstari ulionyooka. Fomu ya usajili haitalihisi hilo, lakini muamala unaohitaji safari kumi za namna hiyo utalihisi.

Gharama ya pili ndiyo inayosahaulika. Kiongozi (seva inayopokea uandishi) akifa na mfuasi (moja ya zile za kusomea) kupandishwa cheo, mfuasi huyo anaweza kuwa hajapata mabadiliko ya mwisho, hasa pale urudufishaji, yaani kunakili data kwenda seva nyingine, unapofanyika bila kusubiri uthibitisho. Kiongozi wa zamani anapofufuka, anarudi na mabadiliko ambayo hakuna mwingine anayeyajua, na hapo mgongano umezaliwa ndani ya mfumo uliojengwa ili usiwe nao. Amueni mapema kama kila muamala utasubiri angalau nakala moja ithibitishe, na hakikisheni kwamba kiongozi wa zamani amefungiwa mlango wa uandishi kabla mpya hajaanza kazi.

4. Mtandao kati ya vituo viwili ukikatika, pande zote haziwezi kuendelea kupokea uandishi bila kugongana?

Haziwezi, na hiyo si kasoro ya bidhaa yoyote. Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer aliieleza dhana hii mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihisabati: seva zilizotengana ama zitakataa baadhi ya maombi, ama zitakubali kwamba majibu ya upande mmoja yanaweza kutofautiana na ya upande wa pili.

Kwetu sisi jambo hili halikai vitabuni. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, ambazo zote mbili zinatua Dar es Salaam, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Mfumo wenye seva moja hapa na nyingine Cape Town ungelazimika kuchagua saa ileile. Kinachotakiwa ni uchaguzi huo uwe umeandikwa kwa kila aina ya data kabla ya siku hiyo kufika: taarifa ya mahali basi lilipo iendelee kupokelewa, lakini uuzaji wa kiti usimame, au uendelee kwa mgao uliotengwa kama inavyoelezwa katika swali la 13.

## Kuzuia mgongano usitokee

5. Makubaliano ya seva nyingi hufanyaje kazi, na tunahitaji nodi ngapi?

Kanuni za makubaliano, kama Paxos ya Lamport na Raft iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, hulikubali badiliko baada tu ya nodi (yaani seva za kundi) zilizo wengi kulihifadhi. Kwa kuwa makundi mawili ya walio wengi lazima yawe na angalau nodi moja ya pamoja, pande mbili zilizotengana haziwezi kuamua mambo mawili tofauti. Nodi 3 huvumilia kifo cha nodi 1, nodi 5 huvumilia 2. Nodi mbili hazikupi nafuu yoyote, maana akidi (idadi ya walio wengi inayotakiwa) ya wawili ni wawili.

Angalieni pia zinakaa wapi. Nodi mbili zikiwa Dar es Salaam na moja Dodoma, umeme ukizimika katika kituo cha Dar es Salaam ile ya Dodoma itabaki hai lakini haitaweza kuandika chochote.

6. Tumeweka hifadhidata sambazi ya Cassandra isome na kuandika kwa akidi. Je, tumemaliza migongano?

Hapana, na hili ni kosa la kuelewa ambalo hurudi tena na tena. Akidi ya kusoma na ya kuandika zinapoingiliana kwa angalau nodi moja, anayesoma ana uhakika wa kukutana na angalau nodi moja yenye badiliko la mwisho lililokamilika. Hakuna kinachowazuia mawakala wawili kusoma kwa akidi kwamba kiti kiko wazi, kisha wote wawili wakaandika kwa akidi. Maandishi yote mawili yatapokelewa, na Cassandra itamchagua mshindi kwa muhuri wa muda (swali la 10).

Kinachohitajika ni uandishi wenye sharti, yaani "andika jina hili ikiwa kiti bado hakina mtu". Cassandra hutekeleza sharti hilo kwa Paxos, kwa gharama ya safari kadhaa za ziada kati ya nodi. Safu (mistari ya jedwali) zinazolindwa kwa njia hii zisiandikwe pia kwa njia ya kawaida, kwani mchanganyiko huo unaondoa ulinzi mnaoulipia.

7. Tutumie kufuli au namba ya toleo?

Kufuli linafaa pale ambapo wengi wanagombania safu moja na kazi ndani ya muamala ni fupi. Anayefika kwanza anaishika safu, wengine wanasubiri. Halifai kamwe pale ambapo binadamu yuko katikati: mhasibu akifungua fomu kisha akaenda kula, safu isibaki imefungwa hadi arudi.

Kwa fomu za namna hiyo tumieni namba ya toleo. Kila safu inabeba namba, na kila anayeandika anataja namba aliyoiona alipokuwa akisoma:

`UPDATE viti SET abiria = 'A-207', toleo = 8 WHERE basi = 'DSM-MBY' AND kiti = 14 AND toleo = 7;`

Hifadhidata ikijibu kwamba safu 1 imebadilishwa, umefanikiwa. Ikijibu safu 0, mwingine amekutangulia, na programu yako inapaswa kusoma upya na kumwonyesha mtumiaji kilichobadilika. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni msimbo usioangalia jibu hilo: safu 0 zimebadilishwa, na bado skrini inaandika "Umefanikiwa" na tiketi inachapishwa. CouchDB, hifadhidata inayotunza data kama hati, imelifanya suala hili kuwa la lazima, kwani asiyetaja toleo la sasa la hati anarudishiwa jibu la 409 (yaani mgongano) na badiliko lake halipokelewi.

8. Hifadhidata inatangua muamala na kurudisha kosa namba 40001. Je, imeharibika?

Haijaharibika, inafanya kazi yake. Katika PostgreSQL na CockroachDB, hifadhidata sambazi, namba hiyo maana yake ni kwamba muamala umeshindwa kupangwa kwa mfuatano salama na mingine, na unapaswa kurudiwa wote tangu mwanzo, pamoja na usomaji wake. Rudieni mara chache zenye kikomo, na muda wa kusubiri uongezeke kila mara na uwe na ubahatishaji kidogo, ili maombi yaliyogongana yasirudi kugongana kwa pamoja.

Jihadharini na vitendo vilivyo nje ya hifadhidata. Ujumbe mfupi wa "Umenunua tiketi" ukitumwa kabla muamala haujakamilika, kila marudio yatatuma mwingine. Uandikeni kwanza ndani ya jedwali la ujumbe unaosubiri, katika muamala uleule, kisha programu nyingine iutume.

9. Inawezekanaje mgongano ukatokea wakati hakuna safu iliyoandikwa mara mbili?

Inawezekana, na aina hii ndiyo ngumu kuiona. Ukumbi wa harusi Sinza una ombi la saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na ombi jingine la saa kumi na mbili hadi saa nne usiku wa siku hiyohiyo. Kila muamala unaangalia kama muda wake uko wazi, unakuta uko wazi, na unaingiza safu mpya. Hakuna safu iliyoguswa na wote wawili, hivyo namba ya toleo haina pa kushika, na hata utengano wa taswira (kila muamala kusoma data kama ilivyokuwa ulipoanza) unaotumiwa na hifadhidata nyingi unawapitisha wote.

Njia ya uhakika ni kiwango cha juu cha utengano, ambacho PostgreSQL imekuwa nacho kwa maana kamili tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011. Kwa suala la vipindi vya muda, PostgreSQL pia ina sharti la kuzuia safu mbili ambazo vipindi vyake vinaingiliana kwenye ukumbi mmoja. Ningechagua sharti hilo kwanza, kwa sababu linabaki kulinda hata pale mtu mwingine atakapoandika programu ya pili juu ya jedwali hilo.

## Kusuluhisha mgongano uliokwisha kutokea

10. "Aliyeandika mwisho ameshinda" kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba anayeshindwa hafahamishwi. Alipokea jibu la mafanikio, akampa mteja risiti, na data yake ikatoweka bila kuacha alama. Isitoshe, "mwisho" hapa ni kwa mujibu wa saa za mashine. Seva ambayo saa yake iko dakika tatu mbele itaendelea kuwashinda wenzake kwa dakika tatu, hata kama yaliyoandikwa kwingine ni mapya zaidi. Katika Cassandra ulinganisho hufanywa kwa kila safuwima peke yake, kwa hiyo jina linaweza kutoka kwa mwandishi mmoja na namba ya simu kutoka kwa mwingine, mkapata mteja ambaye hayupo.

Kusawazisha saa kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa za mashine kupitia mtandao) ni lazima, lakini hakutoshi. Google, katika hifadhidata yao ya Spanner waliyoieleza mwaka 2012, walifunga vipokezi vya GPS na saa za atomiki katika vituo vyao, na bado kila muamala wa kuandika husubiri kipindi cha shaka kuhusu saa kipite, ambacho wakati huo kilifika takriban milisekunde 7. CockroachDB, isiyotegemea vifaa hivyo, huanza na kikomo cha milisekunde 500, na nodi ambayo saa yake imeachana mno na za wenzake hujizima.

Njia hii inafaa kwa data ambayo thamani mpya inafuta maana ya ile ya zamani: mahali bodaboda ilipo, picha ya wasifu, lugha aliyoichagua mtumiaji. Hifadhini muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na saa ya simu ya mtumiaji isiwe mwamuzi kamwe.

11. Tunawezaje kuujua mgongano bila kutegemea saa?

Kwa vekta ya matoleo. Kila nodi inahesabu mabadiliko iliyoyapokea yenyewe, na kila nakala ya data inabeba hesabu za nodi zote. Nakala yenye Dar:2, Dodoma:1 ni mpya kuliko yenye Dar:1, Dodoma:1, kwa sababu haijazidiwa popote. Lakini Dar:2, Dodoma:1 ikikutana na Dar:1, Dodoma:2, kila moja ina kitu ambacho nyingine haikijui. Huo ni mgongano wa kweli, na nakala zote mbili zinapaswa kutunzwa. Mfumo wa Dynamo ambao Amazon waliueleza mwaka 2007 ulitumia njia hii.

12. Nakala zote mbili zimetunzwa. Nani anaamua?

Programu inaamua pale kanuni inapoeleweka, na binadamu anaamua pale isipoeleweka. Kikapu cha manunuzi cha Dynamo kiliunganisha nakala kwa kuchukua bidhaa zote zilizomo, na athari yake ni kwamba bidhaa iliyoondolewa iliweza kurudi. Amazon waliona heri hivyo kuliko kupoteza alichokiongeza mteja. CouchDB humteua mshindi kwa kanuni inayotoa jibu lilelile kwenye kila nodi na kuzitunza nakala zilizoshindwa, lakini hazionekani mpaka uziulize. Wekeni kazi ya kila siku inayozitafuta, la sivyo zitarundikana.

Kwa rekodi ya mgonjwa ambayo wauguzi wawili wamejaza mzio tofauti wa dawa, programu isichague. Ionyeshe yote mawili na imtake mwenye dhamana athibitishe. Kwa kiti kilichouzwa mara mbili, muamala wa pili haufutwi. Unaandikiwa rekodi mpya ya fidia, iwe ni kiti kingine au kurudishiwa nauli, ili historia ya fedha ibaki kamili.

13. Je, aina za data zinazojiunganisha zenyewe zinafaa kwa salio na idadi ya bidhaa?

Zinafaa kwa sehemu. Aina hizi, zijulikanazo kwa kifupi CRDT, ziliwekewa msingi rasmi mwaka 2011 na Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski. Kihesabio cha namna hii huipa kila nodi hesabu yake ya kuongeza na ya kupunguza, na jumla hupatikana kwa kuziunganisha zote, kwa hiyo mpangilio wa kuwasili kwa taarifa haubadilishi jibu. Kwa fedha, wazo lilelile ni la kale: hifadhi kila ingizo la daftari kama safu mpya isiyobadilishwa, na salio liwe jumla ya maingizo.

Kisichowezekana kwa muunganisho peke yake ni kulinda kikomo. Duka la Kariakoo na tawi lake la Mbagala wakiona mifuko 50 ya saruji na kila upande ukauza 40 mtandao ukiwa umekatika, kihesabio kitaungana vizuri kabisa na kusema hasi 30. Dawa yake ni mgao, mbinu inayotokana na wazo ambalo mtafiti wa hifadhidata Patrick O'Neil alilichapisha mwaka 1986: Kariakoo ipewe haki ya kuuza 30 na Mbagala 20, kila upande uuze ndani ya haki yake bila kumuuliza mwenzake, na kuhamishiana haki kufanyike mtandao unapokuwepo. Kwa biashara zetu, zenye matawi yanayokatikiwa na mtandao, naiona mbinu hii kuwa na thamani kuliko nyingi zinazosifiwa zaidi yake.

## Hali ngumu

14. Mteja amebonyeza "Lipa" mara mbili kwa sababu mtandao ulikuwa mzito. Huo nao ni mgongano?

Huo ni urudiaji, na tiba yake ni tofauti. Simu itengeneze namba ya pekee ya ombi kabla ya kulituma mara ya kwanza na iitumie hiyohiyo kila inaporudia. Seva iihifadhi namba hiyo katika muamala uleule wa malipo, chini ya sharti la upekee, na ikiiona tena irudishe jibu la kwanza. Namba ikitengenezwa upya kwa kila mbonyezo, haina faida.

15. Kwa nini rekodi tuliyoifuta imerudi?

Nodi iliyokuwa nje ya mtandao wakati wa ufutaji haikuuona, na iliporudi iliwapa wenzake rekodi hiyo kana kwamba ni mpya. Ndiyo maana ufutaji katika mifumo hii huandikwa kama alama inayotunzwa kwa muda. Cassandra huanza na sekunde 864,000, yaani siku 10. Nodi iliyokaa nje zaidi ya hapo isiunganishwe kama ilivyo. Isafishwe na ijazwe upya kutoka kwa wenzake.

16. Tunazuiaje namba moja ya simu kusajiliwa mara mbili katika vituo viwili?

Sharti la upekee linahitaji mwamuzi mmoja kwa kila thamani. Ifanyeni namba ya simu kuwa ufunguo wenyewe, na kila ufunguo uwe na kundi moja la nodi linaloamua kwa akidi (swali la 5). Kituo kilichotengwa na kundi hilo kipokee usajili kama ombi linalosubiri, na mteja aelezwe hivyo waziwazi. Kwa vitambulisho visivyo na maana kwa mtumiaji, msitumie namba zinazoongezeka moja moja katika kila kituo. UUID, yaani kitambulisho kirefu kinachotengenezwa ili kisijirudie popote, inaondoa mgongano bila mawasiliano yoyote.

17. Tunapimaje kwamba suluhisho letu linafanya kazi?

Kwa kuuvunja mfumo kwa makusudi. Kyle Kingsbury, kupitia mradi wa Jepsen alioanza mwaka 2013, amezipima hifadhidata nyingi kwa kukata mtandao kati ya nodi huku maombi yakiendelea, na amekuta baadhi zikipoteza data ambayo wauzaji wake walidai iko salama. Timu ndogo inaweza kufanya hivyo kwa kiasi chake: seva tatu za majaribio, kanuni ya ngome (firewall) ya Linux inayozuia mawasiliano kati ya mbili, na saa ya moja iliyosogezwa mbele.

Wakati hayo yakiendelea, maombi mengi yahamishe fedha kati ya akaunti za majaribio. Mwishoni jumla ya fedha zote iwe ileile ya mwanzo, na kila ombi lililojibiwa "imefanikiwa" lionekane ndani ya hifadhidata. Maombi yaliyokwisha muda bila jibu yahesabiwe peke yake, kwa kuwa huenda yalifanyika au hayakufanyika, na programu nyingi huyachukulia kimakosa kuwa yameshindwa. Rudieni jaribio hili kila mnapopandisha toleo la hifadhidata au la maktaba inayowasiliana nayo, kwani chaguo-msingi za urudiaji na za muda wa kusubiri hubadilika kati ya toleo na toleo.